Hesabu usiku kwanza: mmoja auguze, mpokezane, mlipe mtu, au mgonjwa arudi nyumbani?

Kikao chetu cha familia kilichukua saa tatu, na hakuna aliyeuliza nani atakesha. Tulijadili nauli, kadi ya bima, na ndugu gani wa Dar es Salaam ana chumba cha ziada. Mama alikuwa ameshapewa barua ya rufaa: saratani ya mlango wa kizazi, aende kwenye mionzi. Mwishoni kaka mkubwa akatamka neno ambalo kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake alitamke: "Dada ndiye ataenda na mama. Yeye hana ofisi ya kuomba ruhusa."

Kweli, dada hakuwa na ofisi. Alikuwa na genge. Lilifungwa wiki ya pili, na mtaji ukaliwa kabla mionzi haijafika nusu.

Ulinganisho huu ni kwa familia iliyoketi kwenye mkeka kama ule wetu. Ndani yake neno muuguzaji lina maana moja tu: ndugu anayelala na mgonjwa. Nesi ni nesi, ana zamu na mwisho wa zamu. Nimeipima mipango yote kwa usiku, kwa sababu mchana hospitali ina watu: madaktari wanapita, ndugu wanakuja saa za kuona wagonjwa, mchungaji anakuja, shehe anakuja. Ikifika saa tano usiku, wodi nzima ina manesi wawili na wewe. Hapo ndipo mama anapotaka kwenda chooni.

Hesabu yenyewe

Chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki tano. Wengi huwekewa pia dripu ya kemo mara moja kwa wiki. Kisha hufuata mionzi ya ndani, inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Madaktari hupenda yote yaishe ndani ya wiki nane, maana kuchelewa hupunguza nguvu ya tiba. Wiki nane ni usiku 56. Andikeni namba hiyo juu ya karatasi kabla hamjataja jina la mtu.

Sasa iweke kando ya likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya mwaka ya siku 28. Ilipotungwa iliweka pia siku nne za malipo mtoto wake akiugua. Mzazi je? Mzazi alitajwa kwenye siku hizo nne kwa kufariki tu. Kwa hiyo hata ndugu mwenye ajira nzuri na bosi mwenye huruma, akitoa likizo yake yote, anafika nusu ya safari. Ndiyo maana mzigo huangukia "asiye na kazi", ambaye mara nyingi ana kazi isiyo na mtu wa kuishika akiondoka.

Mmoja mpaka mwisho

Faida yake siibezi. Dada alimjua mama kuliko faili lake. Alijua kwamba akinyamaza sana ana maumivu, na akilalamika sana ana njaa. Daktari akiuliza "jana alitapika mara ngapi?" alikuwa na jibu. Hakuna makabidhiano, kwa hiyo hakuna kinachopotea njiani.

Ila wiki ya tatu ni mlima. Mionzi ya nyonga huleta kuharisha na uchovu mwingi, na mara nyingi hivyo huja wakati nguvu za muuguzaji nazo zimekwisha. Dada alianza kumjibu mama vibaya, kisha akawa analia bafuni kwa sababu amemjibu mama vibaya. Hakumwambia mtu. Tulikuwa tunapiga simu kila jioni kuuliza "mama anaendeleaje?" na hatukuwahi kuuliza "wewe umelala?"

Mpango huu unafaa matibabu yakiwa mafupi, au mgonjwa akiwa bado anajitembelea, anaoga mwenyewe, anahitaji mtu wa kumsindikiza tu. Kwa mgonjwa wa kunyanyuliwa, usiku 56 kwa mtu mmoja ni mwingi mno.

Zamu za wengi, na zamu za wawili

Familia zikishagundua hilo hurukia upande wa pili: watoto sita, kila mmoja siku chache. Kwenye grupu la WhatsApp inapendeza. Wodini ni vurugu. Kila anayefika anajifunza upya dawa gani ni kabla ya kula, mlango upi wa kuingilia, karatasi gani inabaki kwa nesi. Mama anasimulia kuharisha kwake kwa watu sita, wawili kati yao wakwe. Na kila mtoto mgeni huja na ushauri wake: huyu kaleta mafuta ya upako, yule kaleta unga wa mizizi uchanganywe na uji. (Unga wowote wa mizizi, mwonyeshe daktari kwanza. Mizizi na kemo vinaweza kukutana kwenye ini na figo.)

Tulichokuja kukipenda ni zamu za wawili, wiki mbili mbili, na siku moja ya kulala pamoja pale pale kwa makabidhiano. Usiku 28 kila mmoja. Waliobaki hawakuachiwa hivi hivi: mmoja alipewa kazi ya nauli na chakula, mwingine akaenda kufungua genge la dada. Hilo la genge lingefanyika siku ya kwanza, dada asingepoteza mtaji.

Zamu haziendi bila daftari. La kwetu lilikuwa la shule, kurasa 48: saa, dawa, chakula, choo, maumivu. Maumivu tuliyaandika kwa vidole, njia ambayo manesi wengi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, hapa Afrika huitumia: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni yasiyovumilika. Mama asiyependa kusema "naumwa" alikuwa anainua vidole vitatu bila shida. Ukurasa wa mwanzo tuliandika neno moja kwa wino mwekundu: HOMA. Mgonjwa wa kemo akifikisha nyuzi 38 haingojwi asubuhi, hapewi panadoli na kufunikwa blanketi. Anapelekwa hospitali usiku huo huo, maana kinga yake inaweza kuwa chini kabisa.

Jambo moja la kuuliza mapema kabla hamjapanga majina: hospitali nyingi haziruhusu mwanamume kulala kwenye wodi ya wanawake. Kijana anayemuuguza mama yake atajikuta nje kwenye baraza. Kwetu jambo hilo liliondoa majina mawili kwenye orodha dakika ile ile.

Kumlipa mtu

Hapa nina msimamo ambao shangazi zangu hawakuupenda. Wengi wakisema "tutafute mtu wa kulipa", wanamtafuta wa kumwosha mgonjwa na kulala naye, ili ndugu wapumzike. Mimi naona mpango huo umekaa kichwa chini miguu juu. Mama mwenye kidonda na harufu, ambaye ameficha mwili wake maisha yake yote, mnamletea msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa jana na dalali. Hata kama msichana ni mwema, mama atajizuia kwenda chooni mpaka mwanawe aje.

Hela hiyo hiyo mlipeni mtu wa kumhudumia muuguzaji: afue mashuka, apike, apange foleni ya dawa, abaki na watoto. Muuguzaji aliyekula chakula cha moto na kuvaa nguo safi anaweza kukesha. Kama lazima mtu wa kulipwa alale na mgonjwa, basi awe mtu mzima, mgonjwa amwone kwanza na akubali, na usiku wa mwanzo alale na ndugu pembeni.

Mnalala wapi

Wengi wanaopata mionzi hawalazwi. Wanakuja kila siku na kuondoka. Kwa hiyo "hospitali" kwa wiki nane ni chumba fulani mjini. Kwa ndugu Mbagala ni bure, lakini ni daladala mbili na mgonjwa anayeharisha. Chumba cha kupanga karibu na mjini kina gharama, lakini mama anarudi kulala baada ya nusu saa. Kama fedha ni za kuchagua kimoja, mimi ningekata kwenye kila kitu kingine nilipe ukaribu. Mkiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mkumbuke pia kwamba barabara yenyewe ilishabadilishwa jina mwaka 2013 ikawa Barack Obama Drive, lakini dereva wa bajaji mwambieni Ocean Road tu, atawafikisha.

Kabla hamjapanga chochote Dar es Salaam, muulizeni daktari aliyeandika rufaa kama mnaweza kutibiwa karibu zaidi. Bugando, Mwanza, inatoa mionzi, na mtu wa Geita au Mara hana haja ya kuvuka nchi nzima. Na mkifika popote, siku ya kwanza mkamwone afisa ustawi wa jamii. Watu humwendea wakishaishiwa kabisa, wakati yeye ndiye anayejua misamaha, mahali pa kulala, na nani wa kuzungumza naye.

Daktari akisema mkapumzike nyumbani

Miezi kumi na moja baadaye ugonjwa ulirudi. Daktari alizungumza taratibu sana, na neno lililobaki masikioni ni "tiba shufaa". Kaka alilisikia kama "hakuna tena tiba". Nimeshasikia familia nyingi zikilisikia hivyo. Tiba shufaa ni tiba ya maumivu, kichefuchefu, vidonda, hofu, na inamhusu hata muuguzaji. Ingefaa ianze tangu siku mgonjwa anapoambiwa ana saratani, sambamba na mionzi na kemo. Kwetu iliingia mwishoni.

Hapa chaguo ni tatu, na watu huzitaja kana kwamba ni mbili: wodini, nyumbani mkiwa na timu inayowatembelea, na nyumbani peke yenu.

Wodini kuna oksijeni, kuna dripu, kuna mtu wa kuita. Ikiwa mgonjwa anatokwa damu nyingi, maumivu hayajashikika, au amechanganyikiwa ghafla, wodi ndiyo mahali pake, na familia isione aibu kumrudisha. Gharama yake ni kwamba muuguzaji analala kwenye kiti, wajukuu hawaingii, na mama anafia kwenye taa zisizozimwa.

Nyumbani na timu ndicho nilichokichagua, na ningechagua tena. Hizi timu zipo zaidi ya watu wanavyodhani. Arusha, hospitali ya Selian imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi, na hospitali kadhaa za KKKT, kanisa la Kilutheri, zinafanya hivyo mikoani. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na kazi yake kubwa ni kliniki ya mchana na kuwatembelea wagonjwa. Mombasa kuna Coast Hospice. Uganda wametangulia wengi: Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ikaeneza morfini ya maji ya bei nafuu, na tangu 2004 nesi aliyesomea fani hii anaruhusiwa kisheria kuiandika dawa hiyo bila kungoja daktari. Mtu wa Hoima au Mbarara anajua tofauti ya nesi anayekuja na dawa na anayekuja na pole tu.

Morfini ndiyo inayoamua kama nyumbani patakalika. Jirani yetu aliiita "dawa ya kufia", na mama kwa siku mbili akaificha chini ya mto. Nesi aliketi naye akamweleza kwamba akipewa kwa vipimo kwa ajili ya maumivu haitamfanya teja wala kumwahisha, na kwamba usingizi wa siku za mwanzo utapungua. Kufunga choo, alisema, hakupungui, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inaanza siku hiyo hiyo. Bibi mmoja wa wodini alitufundisha mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Nesi akacheka akasema hata wao huwa wanazitaja.

Halafu akasema jambo ambalo kwa muuguzaji lilikuwa dhahabu. Morfini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Ya saa nane za usiku je? Sisi tulikuwa tunaamka kwa kengele ya simu, tunamwamsha mama aliyelala. Nesi akatuandikia dozi ya saa nne usiku iwe maradufu, ile ya saa nane tukairuka. Usijiamulie mwenyewe, lakini uliza. Dada alilala saa saba mfululizo kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliotangulia.

Kitu cha pili ni harufu. Saratani hii ikifika mbali huwa na uchafu wenye harufu nzito, na watu huacha kuja kumwona mgonjwa huku wakisingizia mvua. Vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda huipunguza sana. Nesi alituonyesha namna. Wiki ile wifi alirudi kukaa kitandani kwa mama na kumsuka nywele.

Nyumbani peke yenu kwa macho kunafanana na nyumbani na timu: kitanda kile kile, mama yule yule. Tofauti inaonekana saa tisa usiku. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo maana yake ni kuamka mara nne kabla ya alfajiri, na kama hakuna wa pili, mtu huyo mmoja hatafika wiki. Kabla hamjakubali ruhusa, kuweni na vitu vitatu mkononi: dawa ya maumivu na mahali pa kuchukua nyingine ikiisha, namba ya nesi anayepokea simu, na mtu wa pili wa usiku. Kikikosekana cha kwanza, msikubali kuondoka. Ikikosekana namba ya simu, ombeni angalau zahanati ya karibu ipewe taarifa kwa maandishi.

Wageni nao wapangieni. Siku za mwisho mgonjwa hukataa chakula, na kila shangazi anayeingia humtazama muuguzaji: "Mbona hammlishi?" Kumlazimisha uji mtu asiyeweza kumeza ni kumpalia. Mlowanisheni midomo kwa pamba na maji. Mtu mmoja wa familia, mwenye sauti, awe sebuleni kuwajibu mashangazi, ili aliye chumbani asijibu.

Anayetuma hela na anayekesha

Tuna kaka Muscat. Alituma zaidi ya sisi wote, kwa wakati, bila kuulizwa, na bado dada alimchukia kwa miezi. Chanzo ni simu. Kila jioni alitaka maelezo ya saa nzima, kisha anatoa maagizo. Tulilimaliza kwa ujumbe mmoja wa sauti kwenye grupu saa mbili usiku, baada ya hapo muuguzaji hapigiwi. Kaka naye akapewa kazi inayofanyika akiwa mbali: kupigia maduka ya dawa kutafuta ilipo dawa iliyokosekana.

Kwa anayetaka kuona yote kwa pamoja, hii ni ile hesabu ya wiki nane za mionzi:

| Mpango | Usiku kwa kila mtu | Unaponivutia | Unapovunjika |
|---|---|---|---|
| Mmoja mpaka mwisho | 56 | Mgonjwa anajitembelea | Wiki ya tatu |
| Wawili, wiki mbili mbili | 28 | Karibu kila familia | Makabidhiano bila daftari |
| Sita, siku chache | 9 hivi | Mgonjwa akilazwa kwa muda mfupi | Kila anayefika ni mgeni |
| Ndugu mmoja na mtu wa kulipwa | 56, lakini amekula na kufuliwa | Hakuna ndugu wa pili | Hela ikikata |

Na kama uko peke yako

Mstari wa mwisho wa jedwali unadhani una hela. Wapo wasio na ndugu wa pili wala hela. Jirani yangu alimuuguza mumewe hivyo, saratani ya koo, nyumbani, vyumba viwili na watoto watatu. Watu walikuja kila siku wakisema "ukihitaji chochote utuambie", na yeye akijibu "asanteni". Hakuna aliyemwambia mwenzake chochote.

Nesi wa tiba shufaa ndiye aliyemfundisha kuomba usiku wenye jina. Alienda kwenye jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki na karatasi: Jumanne usiku, Alhamisi usiku, Jumamosi usiku, saa nne mpaka alfajiri, kazi ni kukaa naye, kumgeuza, na kuniamsha akiniita. Majina yalijaa kabla sala ya kufunga. Jumamosi ilichukuliwa na mzee wa kanisa. Alhamisi akaichukua kijana wa bodaboda ambaye hata si Mkatoliki, alikuwa amekuja kumchukua mama yake. Jumanne aliichukua muuza samaki wa pale kona, kwa sababu Jumatano hafungui.